Historia ya Malbi, Kijiji Nilichokijua Nikiwa Doha

Siku yangu ya kwanza kazini, mgonjwa wangu alinigeuzia mgongo. Dereva wa familia alinifikisha Umm Salal, nje kidogo ya Doha, asubuhi, begi langu bado linanuka moshi wa jikoni kwa mama, nikaingizwa katika chumba kipana chenye mazulia na mito ya kuegemea. Pale kati alikuwa ameegemezwa mito bibi mmoja mfupi, mweusi tii kwa buibui lake. Nikamsalimia kwa Kiarabu changu cha madrasa, kirefu na chenye heshima zote. Akaugeukia ukuta. Nikamsalimia tena, safari hii kwa kuvuta sauti. Akamnong'oneza mkwewe, yule tuliyemwita Madam, na Madam akacheka mpaka akajiziba mdomo.

"Anasema unaongea kama unasoma hotuba ya Ijumaa," Madam akaniambia. "Ongea kama watu, Mariam."

Basi ndivyo nilivyoanza kazi ya kutunza wazee, ambayo sikuiomba wala sikuisomea. Wakala aliyenileta kutoka Tanga alisema nakuja kupiga deki na kupiga pasi. Nyinyi wanangu mnaokuja siku hizi mna vyeti, mmefundishwa kupima presha na kusoma majina ya dawa. Sisi tulikuja na mikono na masikio. Ninaandika haya kwa sababu binti yangu, ninayeishi naye hapa Al Rayyan tangu nistaafu, ameniambia kuwa watunzaji wapya anaofahamiana nao wanaulizia sana tulivyokuwa tukifanya. Ananiambia niandike, maana nikisimulia kwa mdomo sinyamazi.

Bibi wa Umm Salal alikuwa amelala kitandani muda mrefu, na adui wa kwanza wa mtu wa namna hiyo ni kitanda chenyewe. Ngozi ikikandamizwa pahala pamoja huchubuka, ikatoboka, na kidonda cha kulalia kikishaingia hutoki nacho kirahisi. Dawa yake ni kumgeuza: ubavu huu, kisha mgongo, kisha ubavu ule, na mto mwembamba katikati ya magoti. Madam alinifundisha mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa kuamrisha, mwenye bangili nyingi, lakini alipokuwa akimgeuza mama mkwe wake alizivua zote akaziweka dirishani ili zisimkwaruze. Hapo nilimpenda.

Bibi huyo alikuwa anasahau. Kila baada ya alasiri aliuliza mama yake yuko wapi, mama ambaye bila shaka alishazikwa zamani sana. Madam alinionya mapema.

"Shemeji yangu aliwahi kumwambia ukweli," alisema. "Akalia kama amepata habari siku hiyo hiyo. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tena, akalia tena. Khalas, basi, nikampiga marufuku shemeji asiingie chumbani. Wewe akikuuliza, mwulize mama yake alikuwa anapika nini."

Nikafanya hivyo, na bibi akawa ananielezea harisi, ngano inayopondwa na nyama mpaka ikavutika, na mbuzi waliokuwa wakiingia jikoni kwao. Akasahau kwamba aliuliza. Alipofariki, nilimwosha pamoja na wanawake wa nyumba ile, nami nililia kuliko wakwe zake wawili ambao sitawataja.

Madam hakunirudisha kwetu. Alinitafutia kampuni ya huduma za majumbani, ile inayowapeleka watunzaji kwenye nyumba mbalimbali, na huko nikaangukia mikononi mwa Supavaiza. Alikuwa Mfilipino, muuguzi aliyesoma hasa, mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusamehe. Alitupanga mstari akatufundisha kuhamisha, yaani kumtoa mtu kitandani hadi kitini bila kumvunja yeye wala kujivunja wewe. Unamfunga mkanda mpana kiunoni, unakunja magoti yako kidogo, unamkumbatia kama mnacheza muziki, kisha mnainuka pamoja. Mimi nilikuwa nainua kwa mgongo, kama gunia la viazi.

"Mariam!" alifoka. "Mgongo wako ukiharibika, nani atakulisha? Mimi?"

Alitufundisha pia kuhusu wazee ambao koo limelegea, kwamba maji matupu huwapalia, hivyo huongezwa unga wa kuyafanya mazito kama uji mwepesi. Na alitufundisha kuhusu saa ya magharibi. Mzee anayesahau anaweza kushinda vizuri mchana kutwa, lakini jua likianza kushuka anahangaika, anatafuta mlango, anataka kwenda kwao hata kama amekaa kwake. "Usibishane naye," Supavaiza alisema. "Usimdanganye pia. Mpe kazi ya mikono na umwongeleshe." Niliposikia hivyo nikamkumbuka Madam wa Umm Salal, ambaye hakwenda shule ya uuguzi hata siku moja, nikaona wale wawili walipikwa chungu kimoja.

Nilizunguka nyumba nyingi na kampuni ile, mpaka nilipopelekwa kwa Mwalimu Mkuu, na huko ndiko nilikomalizia kazi.

Alikuwa mama wa Kiingereza aliyeongoza shule moja ya Doha na kuishi hapa Al Rayyan, mrefu, mkimya, anayetembea haraka. Alikuwa amemchukua baba yake kutoka Uingereza baada ya mzee kufiwa na mke na kuacha sufuria ikiungua jikoni mara nyingi kuliko majirani walivyoweza kuvumilia. Mzee jina lake Tom. Mimi nilikataa kumwita Tom, mtu wa umri wa babu yangu, nikamwita Babu, na alipoelezwa maana yake akafurahi akataka kila mtu amwite hivyo, hata mwenye duka la kona.

Babu alikuwa mpeleka barua. Maisha yake yote ya kazi aliendesha baiskeli ya posta katika kijiji kimoja kidogo cha mashambani kiitwacho Malbi, na mashamba yanayokizunguka. Mimi sijafika Uingereza wala sina mpango, lakini Malbi naijua. Nalijua kanisa lake lenye kengele iliyopasuka, inayolia kama sufuria hadi leo kwa sababu watu waliizoea wakakataa kununua mpya. Najua shule ya chumba kimoja ambamo watoto wakubwa walikaa nyuma karibu na jiko la makaa, na ilivyofungwa watoto walipopungua. Najua kituo cha treni ambacho treni iliacha kusimama, na mkuu wa kituo aliyeendelea kufagia jukwaa hata baada ya hapo. Najua mwokaji mkate aliyekuwa hamsalimii mtu kabla hajauza mkate wa kwanza. Najua bomba la mkono lililokuwa katikati ya kijiji, ambako kila nyumba ilichota maji kwa ndoo.

Nilijua haya kwa sababu Babu alikuwa na kazi aliyopewa na kijiji chake. Ukumbi wa Malbi ulikuwa unaezekwa upya, na wazee wa kamati walitaka siku ya kuufungua kila nyumba ipewe kitabu cha historia ya kijiji. Nani wa kuwasimulia kama si mtu aliyegonga kila mlango? Mikono ya Babu ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika kalamu, hivyo alisimulia, mimi nikashika simu inarekodi, na Jumamosi Mwalimu Mkuu alisikiliza akachapa. Sijaona mtu aliyefurahia kazi namna ile. Alikuwa akinyolewa ndevu anasimulia, akivalishwa soksi anasimulia. Kitabu hicho ndicho kilichokuwa kimemshikilia. Mwalimu Mkuu aliniambia waziwazi, "Baba anaogopa kusahau kuliko anavyoogopa kufa. Kila sura ikiisha, anaamini bado yupo."

Shida ilikuwa magharibi. Adhana ikilia tu, Babu alisimama mlangoni na fremu yake ya kutembelea, anataka kwenda Malbi, mama yake anamngoja. Nikampa taulo akunje. Nikamwuliza mama yake alikuwa anapika nini. Jambo lililofanya kazi Umm Salal, kwa Babu halikufanya kazi, maana akimkumbuka mama yake alizidi kusononeka. Ndipo nikaanza kumsimulia, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, habari za kwetu Usambara, ili ahame akili. Alizipenda zote, lakini moja aliitaka kila siku.

Kwetu kulikuwa na chemchemi chini ya bonde, na bibi yangu mzaa mama, Mwanaidi, alikosana na wifi yake. Sababu ilikuwa kuku, na mpaka leo hatujui kuku alikuwa wa nani. Walikaa hawasemezani, nyumba zinatazamana, watoto tunatumwa kupeleka maneno. Asubuhi moja bibi alimkuta wifi chemchemini. Hakusema kitu. Akauchukua mtungi wa wifi akaujaza kabla ya kujaza wake. Akavua upande wa kanga yake, akaviringisha ngata, ile pete ya kitambaa ya kuwekea mzigo kichwani, akamwekea wifi kichwani, akamtwika. Wifi akaondoka bila kusema. Akatembea kidogo kupanda kilima, kisha akasimama, akageuka, akamngoja. Wakapanda pamoja.

"Akageuka?" Babu aliuliza kila mara.

"Akageuka, Babu."

"Halafu?" Hilo neno la Kiswahili alilishika mapema.

"Halafu wakapanda pamoja."

Akashusha pumzi, akarudi kukunja taulo. Sikujua kwa nini hadithi ya kuku wa Usambara imshike mzee wa Kiingereza kiasi kile, nami sikuuliza.

Ijumaa moja, kitabu kikiwa kinakaribia kupelekwa kwa mchapaji, Mwalimu Mkuu alimsomea baba yake sura za mwisho ili aziridhie. Mimi nilikuwa nimekaa chini namkata kucha za miguu. Akasoma sura ya mama yake Babu na mama yake mdogo, dada wawili wa Malbi. Walikosana kwa kabati la vyombo lililoachwa na mama yao, wakawa hawasemezani, nyumba zinatazamana barabarani. Mpaka hapo nilikuwa nimeshasikia vipande vipande, lakini mwisho wake Babu aliurekodi siku yangu ya mapumziko, na kwa haraka ya mchapaji ulichapwa na karani wa shule. Kisha akaendelea: "Asubuhi moja mama yangu alishuka chemchemini. Akajaza mtungi wa dada yake kabla ya kujaza wake. Akaviringisha kitambaa, akakiweka kichwani kwa dada yake, akamtwika maji."

Mwalimu Mkuu akaishusha karatasi. "Kichwani, Baba? Huko Malbi?"

"Ndivyo walivyofanya zamani," Babu akasema.

"Dada yake akaondoka. Akatembea kidogo kupanda kilima, akasimama, akageuka." Mwalimu Mkuu akamaliza kusoma, akamtazama baba yake. Babu alikuwa analia, lakini kilio cha raha, machozi yanashuka na uso unacheka.

"Mama ndiye aliyekwenda kwanza," alisema. "Watu walisema mama yangu ana kiburi. Lakini alikwenda."

Mkasi ulibaki hewani. Nitawaambia nilichohisi, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa: nilihisi nimeibiwa. Bibi yangu Mwanaidi amefanywa Mwingereza! Ngata ya kanga yake imevikwa kichwa cha mtu aliyekuwa anachota maji kwa ndoo na bomba. Kisha nikamtazama Babu usoni, hasira ikaniisha nusu, nusu ikabaki.

Mchana ule alikuja Wanjiru, Mkenya aliyefanya kazi nyumba ya pili. Yeye ni wa kanisa, na kila Ijumaa, siku ambayo makanisa ya hapa husali, alikwenda na Babu kwenye ibada Mesaimeer, penye makanisa, anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Walikuwa wamesharudi, nami nilikuwa nimeswali, tukakaa nyuma ya nyumba nikamweleza yote.

"Wewe Mariamu! Hiyo si story ya shosho yako?" akapiga makofi. "Wambie, bana. Wazungu wasijifanye eti ni yao."

"Na Babu?"

Wanjiru akashusha mikono. Alimpenda Babu. "Hapo sasa," akasema. "Hapo umenishika."

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini kitabu kilikuwa kinakwenda kwenye kila nyumba ya Malbi, na watu wa Malbi wanajua kama kwao kuna chemchemi ama hakuna. Nikamfuata Mwalimu Mkuu jikoni, akiwa anaosha vikombe.

"Madam," nikamwambia, "ile habari ya mtungi ni ya kwetu. Ni bibi yangu. Nilikuwa namsimulia Babu wakati wa magharibi."

Akafunga bomba. Akavuta kiti akakaa.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Malbi hakuna chemchemi. Na bibi yangu hakupatana na dada yake, Mariam. Siku ya mazishi ya bibi, dada yake alisimama nje ya ukuta wa kanisa kwenye mvua, hakuingia. Mimi nilikuwa mdogo, nilimwona. Baba alikuwa amebeba jeneza, naye alimwona."

Sasa ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitafuta Babu kila magharibi aliponiuliza kama wifi aligeuka. Nililia palepale jikoni, na Mwalimu Mkuu, mtu asiyezoea kushikana na watu, akanishika bega.

Tukabaki na tatizo. Sura ikichapwa ilivyo, Malbi wangesema Tom ameshapotea akili, na kitabu chote kingekuwa kichekesho. Ikiondolewa, Babu angeitafuta, maana tangu siku ile alitaka isomwe kila baada ya chai. Na kumwambia ukweli kungekuwa kumzika mama yake upya, na dada mtu bado amesimama nje ya ukuta.

"Kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kuamua," Mwalimu Mkuu alisema. "Dorothy."

Dorothy alikuwa binti wa yule mama mdogo, binamu yake Babu. Alikuwa bado anaishi Malbi, katika nyumba ileile ya mama yake, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba aliyozaliwa Babu. Umri wake haukupishana sana na wa Babu, ila kumbukumbu zake zilikuwa timamu. Mwalimu Mkuu akamtumia sura ile bila kuongeza neno lolote ila kwamba Tom angependa maoni yake. Nilimlaumu kimoyomoyo. Niliona angemweleza kwanza. Lakini yeye alisema hataki kumwekea mama wa watu maneno mdomoni.

Ijumaa iliyofuata ikapigwa simu ya video. Nilimvalisha Babu shati jeupe, nikamkalisha wima na mto nyuma, nikasimama pembeni na kitambaa chake cha kufutia mdomo. Kwenye kioo akatokea mama mmoja mwenye uso wa kukunjamana na miwani mikubwa, amekaa karibu mno na simu, kama wazee wote wanavyokaa.

"Umesoma, Dorothy?" Babu akauliza. Hakumwamkia hata.

"Nimesoma, Tom."

"Unaona? Mama yangu alikwenda kwanza."

Dorothy aliondoa miwani, akaifuta kwa sweta lake, akaivaa tena. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Hapana," Dorothy akasema. "Umekosea."

Nikaona mdomo wa Babu unaanza kutetemeka, nikanyoosha mkono nimshike.

"Umekosea, Tom," Dorothy akarudia, sauti imepanda. "Aliyekwenda kwanza ni mama yangu."

"Mama yako!" Babu akaruka kidogo kitini. "Mama yako hakuwahi kwenda kwanza popote! Alikuwa mkaidi kama punda!"

"Na wako alikuwa malaika? Mama yangu ndiye aliyejaza maji. Wako ndiye aliyegeuka."

"Mama yangu alijaza!"

"Aliyejaza ni mama yangu!"

Walibishana hivyo, wazee wawili, mmoja Al Rayyan na mmoja Malbi, kila mmoja anampigania mama yake awe ndiye aliyenyenyekea kwanza, mpaka Babu akapaliwa na kicheko ikabidi nimwinamishe mbele nimpigepige mgongo. Sijapata kumwona amechangamka vile. Usiku ule alilala bila kuutafuta mlango.

Nilipokuwa namlaza, Mwalimu Mkuu alikwenda chumba cha pili kumpigia Dorothy tena. Alinieleza baadaye. Alimwuliza kwa upole kama anajua kwamba haikutokea. Dorothy alimwambia anajua vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini alisema kwamba alipokuwa msichana alikuwa akimwona mama yake, asubuhi nyingi, amevaa kofia na glavu za kutokea, amesimama nyuma ya mlango anatazama nyumba ya ng'ambo. Mkono uko kwenye kitasa. Anasimama weee, kisha anavua kofia anarudi jikoni. Hakuwahi kumwambia mtu. Ndiyo maana aliposoma kwamba mama wa Tom ndiye aliyekwenda, alishindwa kukubali.

Kuhusu kitabu, Dorothy ndiye aliyeamua, na aliamua kwa namna ya watu wa mashambani, bila mapambo. Kitabu kiseme dada wale hawakupatana, kwa sababu Malbi yote inajua. Chini yake kiwekwe kisa cha chemchemi kama kilivyo, kwamba ni cha Usambara, kililetwa kwa Tom na mama anayemtunza, na jina la mwenye kisa litajwe. Akataka niulizwe kama ninaruhusu. Niliruhusu, ila nikataka liandikwe jina kamili la bibi yangu na la baba yake, na la wifi yake pia, maana na yeye aligeuka. Kuku nilimwacha, nisije nikafufua ugomvi. Babu yeye alibaki na nakala yake ya kwanza, ile ya mama yake na ngata, na hiyo ndiyo tuliyomsomea baada ya chai mpaka mwisho wake. Kila Ijumaa Dorothy alipiga simu wakabishana.

Babu alifariki kwa amani, mikononi mwetu, na baada yake sikuchukua mgonjwa mwingine. Magoti yalishanigomea, na Supavaiza, ambaye sasa ameshakuwa meneja na amenenepa, aliniambia niache kabla sijawa mimi wa kufungwa mkanda. Namshukuru. Kazi hii inachosha mwili na inakula moyo, na mwajiri mbaya anaweza kukufanya ujione kitambaa cha deki. Nimewaona wa namna hiyo. Wanangu, piganieni siku yenu ya mapumziko na msione haya kuiomba. Jifunzeni kuhamisha kwa magoti. Pia msiogope kuwasimulia wazee habari za kwenu. Mimi nilidhani nampa Babu kitu cha kupitishia jioni tu.

Binti yangu ameniuliza ni siku gani katika kazi yangu ninayoikumbuka kuliko zote. Si ile ya mabishano, ingawa nilicheka mno. Ni siku ukumbi wa Malbi ulipofunguliwa. Vitabu vilikuwa vimegawiwa, na jirani mmoja wa Dorothy alitupigia simu ya video, akaielekeza barabarani ili Babu aone kijiji chake. Ilikuwa asubuhi, mawingu, barabara imelowa. Nyumba aliyozaliwa Babu ilikuwa inakaliwa na watu wengine, na walikuwa wameshaambiwa kuna mgeni atakayekuja. Tukaona mlango wa ng'ambo unafunguliwa na Dorothy anatoka, amebeba jagi la maji kwa mikono miwili. Nikapiga kelele mtu amshikilie asiteleze, mazoea ya kazi hayaishi, lakini huko hawakunisikia. Alivuka barabara ile peke yake, taratibu, maji yanamwagikia viatu, akafika mbele ya mlango wa nyumba ile aliyozaliwa Babu na kusimama, mikono imejaa, hana wa kumgongea.

Mwalimu Mkuu alikuwa amejifunika uso. Babu aliinama mbele mpaka paji lake la uso likagusa kioo.

"Mama," akasema, "fungua. Amekuja."